Umepata boa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wapya wa Dodoma

Maswali haya ni ya watu wanaonitafuta wakiwa tayari na nyoka ndani ya boksi, wengine saa nne usiku. Nimeyajibu nikimfikiria mfugaji wa Dodoma, kwa sababu miongozo mingi inayozunguka mitandaoni imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako nyumba nzima hupashwa joto. Huku shida ni nyingine: ukavu wa kiangazi, usiku wa Juni na Julai, bati la Oktoba, na umeme. Ukivimudu hivyo vinne, boa hana usumbufu mwingi. Wanaokufa mikononi mwa wafugaji wapya mara nyingi hufa kwa kupendwa kupita kiasi: wameshikwashikwa, wamelishwa mno, wameonyeshwa kila mgeni aliyepiga hodi.

Huyu si chatu tu?

Hapana. Wote wawili hubana windo na wote hawana sumu, lakini chatu hutaga mayai na boa constrictor huzaa watoto hai. Chatu ni wetu, wa Afrika. Boa constrictor asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Kwa ukubwa, chatu wa hapa anaweza kupita mita 4, wakati boa jike aliyekomaa huwa kati ya mita 2 na 3, na dume huishia chini ya hapo.

Kuna na mwingine anayewachanganya watu: nyoka mfupi, mnene, anayejifukia mchangani katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki. Jina lake la kisayansi ni Eryx colubrinus, naye ni wa ukoo wa boa. Watu humkuta shambani wakanitumia picha wakidhani wameokota mtoto wa boa constrictor. Mwacheni alipo. Na tafadhali msiokote nyoka mfupi mnene kwa mkono, maana kifutu, nyoka mwenye sumu kali, naye ni mfupi na mnene, na asiyezoea hawatofautishi.

Sheria inasemaje?

Boa constrictor yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama, na aina moja ya Argentina imo katika Kiambatisho cha Kwanza, kilicho kikali zaidi. Maana yake ni kwamba boa havuki mpaka bila vibali vinavyoonyesha alikotoka. Kwa wanyamapori wa hapa nchini inasimama Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009: ni mali ya umma, na hukamati wala kufuga bila kibali. Kwa hiyo kuokota chatu Chamwino au Kongwa ukamweka ndani ni kosa, hata kama umemwokoa asiuawe.

Sisi wa Dodoma tuna nafuu moja. Wizara ya Maliasili na Utalii iko Mji wa Serikali, Mtumba, na Idara ya Wanyamapori iko chini yake. Nenda ukaulize kabla hujatoa hela. Uliza kibali cha kumiliki, uliza cha kusafirisha, uliza na vyeti vya afya ya mnyama. Muuzaji akikwambia karatasi zitakuja baadaye, achana naye.

Nimemleta leo. Nianze na nini?

Kizimba kiwe kimewaka na joto limetulia tangu jana yake. Kama hakikuwa tayari, basi leo kazi yako ni hiyo, na nyoka abaki kwenye chombo alichokuja nacho, mahali penye uvuguvugu na kimya, hadi umalize.

Kisha mweke ndani, weka maji, weka maficho mawili (moja upande wa joto, jingine upande wa ubaridi), funika kioo kwa gazeti au khanga, na uondoke. Wiki nzima usimshike. Usimlishe. Badilisha maji na uangalie kipimajoto, basi. Najua ni vigumu, maana umemngoja na marafiki wanataka picha. Lakini nyoka aliyetoka safarini ana hofu, na nyoka mwenye hofu akila hutapika. Akishaanza kutapika unaingia kwenye kazi ya miezi.

Wakati wa kumpokea ndiyo nafasi yako ya kumkagua. Mpitishe taratibu juu ya karatasi nyeupe ya chooni: ukiona vidoadoa vyeusi mfano wa pilipili manga ya kusaga, tena vinatembea, ana utitiri. Angalia mdomo umefunga vizuri, hakuna ute unaobubujika puani, na mahali anapotolea haja ni pasafi. Mpime uzito kwa mizani ya jikoni ndani ya bakuli lenye kifuniko, andika. Muulize muuzaji alikula lini mara ya mwisho, alikula nini, kikiwa hai au kimekufa. Jibu la swali hilo la mwisho litakuokolea wiki nyingi za kubembeleza.

Kama una nyoka mwingine nyumbani, huyu mpya akae chumba kingine kwa miezi mitatu angalau, na yeye ahudumiwe wa mwisho.

Kizimba kiwe kikubwa kiasi gani?

Mtoto anatosha kwenye sentimita 90 kwa 45. Mkubwa anahitaji si chini ya sentimita 180 kwa 60, na kimo cha 60, na ukiweza kuongeza, ongeza. Seremala yeyote mzuri anakijenga kwa mbao na plaiwudi, vioo mbele vinavyoteleza, matundu ya hewa pande mbili. Varnishi ikauke mpaka harufu iishe kabisa. Hizo ni wiki, si siku mbili. Kufuli ni lazima. Boa ana nguvu na ana usiku mzima wa kutafuta upenyo, na kioo kisicho na kufuli kwake ni mlango.

Chini tandika gazeti kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu linaonyesha kinyesi, damu na utitiri bila kificho. Baadaye unaweza kuweka makumbi ya nazi yaliyosagwa. Maranda ya karakana ni kubahatisha: huna njia ya kujua mbao ilipakwa dawa gani. Weka na tawi imara la kupanda, hasa kwa mdogo. La mpera linafaa, ukilisugua na kulianika juani. La mnyaa hapana, utomvu wake unaunguza.

Dodoma ni joto. Taa ya nini tena?

Mchana ni joto. Usiku wa Juni na Julai, mji huu ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na upepo juu. Boa hana uwezo wa kujitengenezea joto mwilini; analichukua nje, kwa kuhama kutoka upande mmoja wa kizimba kwenda mwingine. Upande wa joto uwe nyuzi 30 hadi 32, upande wa ubaridi 25 hadi 27, na usiku kizimba kizima kisishuke chini ya 23.

Vifaa maalumu vya nyoka ni vigumu kupata madukani hapa, ila wafugaji wa kuku wametutangulia. Taa za kulelea vifaranga zinapatikana. Kidhibiti joto cha kidijitali wanachofunga kwenye mashine za kutotolesha mayai ndicho hichohicho utakachotumia: unaweka namba, chenyewe kinawasha na kuzima. Taa izungushiwe wavu, maana boa atajizungusha kwenye kitu cha moto na kuungua bila kuondoka. Kwa sababu hiyohiyo sipendi mawe ya umeme ya kupashia joto. Na kwa usiku tumia kifaa kinachotoa joto bila mwanga, ili ajue usiku ni usiku.

Nunua vipimajoto viwili, kimoja kila upande. Kupima kwa kiganja ni kujidanganya.

Umeme ukikatika?

Jaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, zifunge kwa taulo, ziweke upande mmoja wa kizimba, kisha funika kizimba kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa. Zibadilishe zikipoa. Usiingize jiko la mkaa chumbani. Moshi wake usioonekana unaua watu kila msimu wa baridi, na nyoka hana kinga zaidi yako.

Boa mzima mwenye tumbo tupu huvumilia usiku mmoja wa baridi. Hatari ni baridi ikimkuta ameshiba: usagaji chakula husimama, panya huozea tumboni, na atamtapika. Kwa hiyo ukisikia tangazo la matengenezo ya umeme, ahirisha kumlisha. Hata kwa wiki. Hatakonda.

Na Oktoba, chumba cha bati bila dari?

Hapo nina wasiwasi kuliko Julai. Kupita nyuzi 35 boa anaanza kuumia, na chumba cha namna hiyo hufika huko mchana. Kizimba kikae chini sakafuni, mbali na dirisha, katika chumba chenye dari. Zima taa mchana. Chupa ya maji yaliyogandishwa ikiegemezwa nje ya kizimba husaidia. Na usimwache hata dakika chache kwenye gari lililoegeshwa au kwenye ndoo ya plastiki juani eti anaota jua.

Unyevu unapimwaje, na kwa nini gamba linatoka vipandevipande?

Kuna kipimo chake, mara nyingi huuzwa pamoja na kipimajoto. Lenga asilimia 55 hadi 70. Masika hutasumbuka. Kuanzia Juni mpaka Novemba hewa ya hapa inakauka mpaka midomo ya watu inapasuka, na nyoka naye anapata taabu hiyohiyo wakati wa kujivua gamba (lake halisi, si lile la kaulimbiu ya wanasiasa wa CCM ya 2011).

Dalili zinaanza mapema: rangi inafifia, macho yanakuwa na ukungu wa bluu, anajificha, anakataa chakula. Mwache. Mwekee boksi la plastiki lenye tundu la kuingilia na taulo lililoloweshwa ndani, mwenyewe ataingia. Beseni la maji liwe kubwa kiasi cha yeye kujilaza. Ziba sehemu ya matundu ya juu kwa karatasi ngumu, si yote. Unachoepuka ni sakafu yenye majimaji siku zote, kwa sababu hapo tumbo hupata vidonda.

Gamba zuri hutoka zima, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Likikatikakatika, mweke kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, kina kisichozidi unene wake, dakika 20, kisha mwache apite katikati ya taulo bichi. Kagua ncha ya mkia. Gamba likibaki hapo hukaza na kuzuia damu. Likibaki kwenye jicho usilibandue kwa kucha wala kibano. Ngoja awamu ijayo, au umwone daktari.

Maji ya bomba yanatosha. Yale ya visima yakiacha utando mweupe kwenye beseni, sugua kwa ndimu.

Anakula nini, na hapa nakipata wapi?

Panya, mzima na mfupa wake na maini yake. Hapo ndipo anapata kalsiamu na vitamini. Nyama ya buchani haina hivyo, na soseji hata usiitaje.

Njia ya uhakika ni kufuga mwenyewe panya weupe. Jike hubeba mimba wiki tatu tu, na chakula chao ni kile cha kuku wa mayai na mabaki ya mboga. Wengine hupata kwa wanaofuga panya wa maabara. Vifaranga vya siku moja vya madume, ambavyo watotoleshaji wa kuku wa mayai huviuza bei ya chini, vinafaa mara mojamoja kwa nyoka mkubwa. Vikiwa chakula cha kila mara, kinyesi huwa maji. Boa mkubwa anaweza kula sungura mdogo pia.

Panya wa nyumbani hapana, hata akinaswa mzima. Huwezi kujua kama jirani ameweka sumu juzi, na sumu ya panya haiishii kwa panya.

Windo lisizidi unene wa nyoka mahali aliponenepa zaidi. Mtoto alishwe kila siku 10 hadi 14, wa mwaka mmoja na nusu kila wiki mbili hadi tatu, mkubwa kila wiki nne hadi sita. Naam, sita. Boa porini ni mvizia, anangoja. Boa wa ndani akilishwa kila wiki anageuka mto wa mafuta, na ini lake linaharibika huku mwenyewe ukisifiwa kwamba anakua haraka.

Lisha kilichokufa. Panya hai akibanwa vibaya humng'ata nyoka, na nimeona vidonda hivyo hadi kwenye uti wa mgongo. Aliyegandishwa myeyushe ndani ya friji usiku, kisha mtumbukize akiwa kwenye mfuko katika maji ya moto ya kuoga hadi apate joto. Maikrowevu humpasua. Mpelekee kwa koleo refu, jioni, halafu siku mbili kamili usimguse.

Jambo moja kwa wanaopenda kujua: tulizoea kusema boa humkosesha windo pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima panya wakati wa kubanwa na kuonyesha kwamba damu ndiyo inayosimama kwanza, ndani ya sekunde chache.

Amekataa kula wiki ya tatu sasa.

Pima joto. Angalia kama anakaribia kujivua gamba. Mpe maficho ya kumbana vizuri, na uache kumchungulia. Nyoka mgeni akikataa jaribu tena baada ya wiki, si kesho. Boa mzima anaweza kukaa miezi bila chakula. Mtazame uzito, ukishuka kwa zaidi ya sehemu ya kumi tafuta daktari. Kumlazimisha kwa kumsukumia mdomoni si kazi ya mfugaji mpya.

Ametapika.

Safisha, mpe maji, usimlishe siku 10 hadi 14. Kisha windo la nusu ya ukubwa wa lile la awali. Akirudia, ni daktari.

Lini naweza kumshika, na vipi?

Akishakula mara mbili au tatu bila tatizo. Nawa mikono kwanza, maana mkono unaonuka panya ni panya. Mguse mwilini kwa fimbo laini kabla ya kuingiza mkono, ili ajue hujaleta chakula. Mwinue katikati kwa mikono miwili, dakika 10 zinatosha. Akifoka au akijikunja shingo kwa umbo la S, funga mlango, jaribu siku nyingine.

Akipita mita 2, mshikaji asiwe peke yake. Na shingoni hapana, hata kwa picha moja, hata kama wacheza ngoma wa Kisukuma umewaona wakiwavika chatu. Ukimaliza nawa tena kwa sabuni. Nyoka hubeba bakteria wa salmonela, na watoto chini ya miaka mitano na wajawazito ndio wanaoumia zaidi.

Akining'ata?

Hana sumu, ana meno mengi yaliyopinda kwenda ndani. Ukivuta unachana nyama yako na kumvunja meno. Mmwagie maji ya baridi au spiriti kidogo karibu na mdomo, ataachia. Osha kwa sabuni na maji mengi, na uulize zahanati kuhusu sindano ya pepopunda.

Mwenye nyumba na majirani?

Mwambie mwenye nyumba kabla, siyo siku atakayomwona nyoka. Mwonyeshe kufuli, mwonyeshe vibali. Mwenyekiti wa mtaa naye ajue. Kwenye nyumba za kupanga za Nkuhungu au Chang'ombe habari haifichiki, na nyoka anayefugwa kwa siri hupewa maelezo ya kichawi kabla hujafungua mdomo. Usimpeleke kijiweni. Mtu anayeogopa nyoka ana haki ya kuogopa, wala si kazi yako kumtibu hofu yake kwa nguvu.

Ametoroka!

Funga milango ya vyumba, ziba chini ya milango kwa nguo. Tafuta nyuma ya friji, ndani ya sofa, chini ya godoro, juu ya dari, kwenye kabati. Usiku nyunyiza unga kidogo mlangoni na pembezoni mwa kuta. Asubuhi utaona alipopita. Na waambie majirani usiku huohuo. Ni aibu, lakini jirani aliyeambiwa atakuita, asiyeambiwa atachukua panga.

Daktari wa mifugo wa hapa atamtibu?

Wengi wao wanashinda na ng'ombe, mbuzi, mbwa na kuku, kwa hiyo uliza mapema, kabla ya ugonjwa, nani yuko tayari. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ndicho kinachofundisha madaktari wa mifugo, na daktari wako anaweza kuwasiliana na wenzake wa huko. Mpeleke haraka akikoroma au kupumua mdomo wazi, akitokwa usaha mdomoni, au akivimba bila kula.

Dalili moja ni nzito kuliko zote: kichwa kinapinda kuelekea juu, hawezi kujigeuza akilazwa chali, anatapika mara kwa mara. Kuna ugonjwa wa virusi wa maboa na chatu wenye dalili hizo, hauna tiba, na boa anaweza kuubeba muda mrefu akionekana mzima. Ndiyo sababu ya ile miezi mitatu ya karantini.

Kwa utitiri, tafadhali, usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe wala kumpulizia dawa ya mbu. Ukali wake umepimwa kwa mnyama mwingine kabisa. Tupa matandiko yote, osha kizimba kwa maji ya moto, mwogeshe nyoka kwa maji ya uvuguvugu, na dawa iandikwe na daktari kwa uzito wake.

Ataishi miaka mingapi?

Kati ya 20 na 30 akitunzwa. Mmoja katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, Marekani, alipita miaka 40. Jiulize nani atamlisha ukihamishwa kikazi.

Ninaye jike peke yake. Anaweza kuzaa?

Ni nadra sana, ila imethibitishwa: mwaka 2010 watafiti walieleza boa jike aliyezaa watoto wasio na baba.

Nimeshindwa naye. Nimwachie porini?

Hapana. Maboa waliotoka mikononi mwa watu wameshaweka makazi Aruba na Puerto Rico, wanakula ndege na mijusi wa huko. Na akifa kwa baridi ya Julai, umemuua pia. Wasiliana na Idara ya Wanyamapori au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), waeleze una nyoka wa aina gani, ana urefu gani, na vibali vyake viko wapi. Fanya hivyo kabla ya kumpakia kwenye gari kumpeleka popote, maana kumsafirisha nako kunahitaji karatasi.